Kabla vichwa vya dizeli vya Tabora havijaenda kuyeyushwa

Treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ikishaingia Tabora, kazi ndiyo kwanza inaanza. Kichwa kinakatwa, kinasogea mbele, kinabadilishiwa njia. Wapanga mabehewa wanapita katikati ya reli na taa zao mkononi, mmoja anapuliza filimbi, mwingine anajibu kwa kupepea taa ya kijani. Mabehewa ya Mwanza yanavutwa upande huu, ya Kigoma yanabaki upande ule, na ya Mpanda yanafungwa pamoja na ya Kigoma ili yakaachwe Kaliua, pale njia ya kusini inapochepukia. Abiria aliyepitiwa na usingizi tangu Manyoni anashtuliwa na kishindo cha behewa lake kugongana na jingine. Anachungulia dirishani na kuuliza hapa ni wapi.

"Tabora, baba," anajibu mama mwenye beseni la karanga kichwani. "Nikupimie za bei gani?"

Huo ndio utaratibu uliozoeleka Tabora miaka nenda miaka rudi, na kwa muda wa nusu karne sasa mtenda kazi wake mkuu amekuwa kichwa cha dizeli. Kimevuta wanafunzi na walimu, wafanyabiashara wa dagaa na mchele, askari, wakimbizi, maharusi na maiti. Mvuke una makumbusho yake, picha zake na mashabiki wake duniani kote. Umeme ndio huo umeingia kwa shangwe. Dizeli, iliyobeba mzigo wote wa katikati, haijatengewa hata kipande cha reli ya kupumzikia. Makala hii inaiombea kipande hicho, na inakiombea Tabora.

Kwa nini Tabora na si kwingine? Ramani inajibu. Kutoka Dar es Salaam hadi hapa ni kilomita 840. Ukiendelea magharibi unafika Kigoma baada ya kilomita 411 nyingine; ukikata kaskazini unafika Mwanza baada ya kilomita 379. Kutoka Kaliua kuna tawi la kilomita 210 hadi Mpanda. Hakuna mji mwingine wa bara unaotazamana na Bahari ya Hindi, Ziwa Tanganyika na Ziwa Victoria kwa mkupuo mmoja namna hii.

Tena njia panda hii ni ya zamani kuliko reli yenyewe. Misafara ya wapagazi wa Kinyamwezi ilipita hapa ikienda Bagamoyo na ikirudi, njia nyingine ikielekea Ujiji na nyingine ikipanda kuelekea Karagwe. Wajerumani walipoanza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, kwa sehemu kubwa waliifuata njia ambayo nyayo za wapagazi zilishaichimba. Reli iliingia Tabora mwaka 1912 na kugonga mwisho wake Kigoma mwaka 1914. Kwa njia hiyohiyo zilipitishwa sehemu za meli iliyotengenezwa Papenburg, Ujerumani, ikavunjwavunjwa na kufungwa katika masanduku, kisha ikaungwa upya Kigoma. Meli hiyo ndiyo tunayoijua leo kwa jina la Liemba. Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliiteka Tabora, na vita vilipokwisha Waingereza wakairithi reli. Wao ndio waliojenga tawi la kwenda Mwanza, lililofunguliwa mwaka 1928, na baada ya Vita Kuu ya Pili wakachepusha la Mpanda kwa ajili ya madini ya risasi. Mgodi ule ulifungwa zamani. Treni ya Mpanda ikabaki, kwa sababu watu walikuwa wameshajenga maisha yao kandokando yake.

Siku hizo zote ilikuwa zama za mvuke. Mvuke una uzuri wake, na siubezi. Lakini kichwa cha mvuke kinakunywa maji kwa pupa, na kati ya Dodoma na Manyoni ni nchi ya Wagogo, ambako mvua yenyewe huhesabiwa kwa vidole. Pa kujaza matangi sharti pawepo kila baada ya mwendo fulani, na kuni au mafuta ya kuchochea moto vilevile. Kichwa kikizimwa, kukiamsha tena ni kazi ya saa nyingi. Shirika la reli la Afrika Mashariki lilianza kupokea vichwa vikubwa vya dizeli kutoka kampuni ya English Electric ya Uingereza mwaka 1960, na vikaanzia kazi upande wa Kenya. Hesabu ilijipiga yenyewe. Dizeli haisimami kunywa maji kila baada ya stesheni chache, wala haihitaji mtu wa kuchochea moto. Dereva na msaidizi wake wanaingia ndani, wanafunga mlango, wanaondoka.

Walioibadilisha Tabora hasa ni wageni wa miaka ya 1970, na wawili kati yao nitawaeleza kwa kirefu, maana ndio ninaowaombea.

Wa kwanza ni 88. Vichwa vya kundi hili vilitengenezwa na kampuni ya MLW ya Montreal, Kanada. Ni virefu, vina pua fupi upande mmoja na pua ndefu upande wa pili, na ndani ya hiyo pua ndefu kuna injini ya silinda 12 zilizopangwa mistari miwili kwa umbo la herufi V. Nguvu yake ni kama farasi 2,000. Wa pili ni 73, mdogo wake kwa nguvu, mwenye injini ya silinda sita zilizosimama mstari mmoja. Huyu alitoka Varanasi, India, kwenye kiwanda cha DLW. Januari 1976 kiwanda hicho kiliuza kichwa chake cha kwanza nje ya India, na nchi iliyokinunua ni Tanzania. Fikiria uzito wa jambo hilo. Nchi mbili zilizokuwa zimetoka mikononi mwa mkoloni mmoja, moja ikiiuzia nyingine mashine ya kuvuta treni, bila kupitia London. Kwa historia ya uhusiano wetu na India, kichwa kimoja cha 73 kina thamani ya nyaraka nyingi za mabaraza.

Wengi hudhani injini ya dizeli inazungusha magurudumu ya treni moja kwa moja kama inavyofanya ya lori. Katika vichwa hivi haiko hivyo. Injini inazungusha jenereta, jenereta inazalisha umeme, na umeme unakwenda kwenye mota zilizofungwa chini, kwenye ekseli za magurudumu. Kwa maana hiyo, treni ya zamani ya Tabora nayo inakwenda kwa umeme. Tofauti ni kwamba inajifulia umeme wake yenyewe njiani. Kwenye 73 jenereta hiyohiyo ndiyo inayoamsha injini: dereva anapowasha, betri zinaipa jenereta umeme, inageuka kuwa mota kwa muda mfupi, inaizungusha injini hadi moto ushike, kisha inarudia kazi yake ya kuzalisha.

Ukitaka kuijua injini ya ukoo huu, simama mahali salama jukwaani wakati treni inaondoka. Ikiwa imetulia inatoa mvumo mzito wenye mapigo, kama moyo wa mtu aliyetoka kupanda mlima. Wenzo wa dereva una hatua nane za nguvu. Akivuta ya kwanza, mabehewa yanajinyoosha, viungio vinalia kimoja baada ya kingine hadi nyuma kabisa. Akivuta ya pili na ya tatu, bomba la juu linatema wingu jeusi. Watu husema injini imechoka. Kwa kweli moshi ule una sababu yake: mafuta yanaongezwa papo hapo, lakini feni ya kusukumia hewa ndani ya injini inaendeshwa na moshi wa injini hiyohiyo, kwa hiyo inachelewa kidogo kushika kasi. Kwa sekunde hizo chache mafuta yanakuwa mengi kuliko hewa. Feni ikishakolea, moshi unakata, na mlio unapanda kuwa mluzi mwembamba juu ya ngurumo. Fundi mwenye sikio zuri huweza kuijua hali ya kichwa kabla hajafungua mlango hata mmoja.

Asubuhi yenye umande, reli zikiteleza, dereva anafungua mchanga. Ndiyo, mchanga wa kawaida, mkavu, uliochekechwa, unaohifadhiwa kwenye masanduku ya kichwa na kudondoshwa mbele ya magurudumu ili yashike reli. Mashine ya tani kadhaa wa kadhaa, iliyosanifiwa na wahandisi wa Montreal, mahali pagumu inaokolewa na mchanga.

Ujuzi wa kuitunza mashine ya namna hii haukuja na kichwa ndani ya sanduku. Ulijengwa hapa. Tabora ina chuo cha reli, ambako vijana wamefundishwa kazi za treni kizazi baada ya kizazi. Morogoro ina karakana kubwa ya vichwa. Tangu Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na kila nchi kubaki na kipande chake cha reli, mafundi wetu walilazimika kujitegemea. Miaka ya 1980 nchi haikuwa na fedha za kigeni, vipuri havikupatikana, na vichwa kadhaa vilisimamishwa vikawa ghala la vipuri vya wenzao. Huyu anatolewa mota, yule anatolewa kichwa cha silinda, watatu wanakufa ili mmoja aende Kigoma. Hiyo nayo ni historia ya viwanda vya nchi hii, na haijaandikwa inavyostahili.

Na behewani je? Aliyesoma sekondari ya bweni Tabora kabla ya mabasi kushika njia anayo hadithi yake ya treni. Shule ya Wavulana ya Tabora, ambako Mwalimu Nyerere alisoma, ile ya Wasichana, Milambo, Kazima: zote zilipokea watoto waliotoka Kigoma, Mwanza, Shinyanga, Dodoma na pwani. Serikali ilimpa mwanafunzi waranti ya kusafiria. Aliikabidhi dirishani, akapewa tiketi ya daraja la tatu, akaingia na sanduku lake la bati na kukaa juu yake pale viti vilipojaa. Kwenye behewa lile Muha alikaa ubavuni mwa Msukuma, Mmanyema ubavuni mwa Mzaramo, safari ya siku nzima na ushei, wakagawana vitumbua. Wanaozungumzia umoja wa taifa hutaja siasa, lugha na Azimio la Arusha. Waitaje pia daraja la tatu la Reli ya Kati, kwa sababu huko ndiko mamia ya maelfu ya vijana wetu walikoonana ana kwa ana kwa mara ya kwanza.

Watumishi wa serikali waliopata uhamisho walisafiri na vitanda, makabati na kuku. Wafanyabiashara walikuwa na ramani yao ya vyakula, na ramani hiyo ingali hai. Saranda ni kuku. Uvinza ni chumvi. Kigoma ni dagaa na mawese. Tabora ni asali, na msimu ukiwadia ni maembe, kwa maana miembe ndiyo miti iliyoachwa na misafara ya zamani kuonyesha njia. Treni ikisimama dakika kumi, stesheni nzima inageuka soko. Chenji inapitishwa dirishani huku mabehewa yameshaanza kusogea, na muuzaji anakimbia sambamba na dirisha hadi amalize kurudisha. Mara nyingi anarudisha. Uaminifu huo wa kukimbia na treni mkononi ukiwa na chenji ya mtu usiyemjua nimeupenda tangu nilipouona.

Kuna mambo mazito pia, na haitakuwa haki kuyaruka. Tarehe 24 Juni 2002, karibu na Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria ilishindwa kusimama kwenye mwinuko, ikarudi nyuma kwa kasi na kugongana na treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Ni ajali mbaya kuliko zote katika historia ya reli ya Tanzania, na kwa familia nyingi za Dodoma, Tabora na Kigoma bado ni kidonda. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, mafuriko yaliifagia njia kati ya Kilosa na Gulwe, na treni za abiria kutoka Dar es Salaam zikakatika kwa miezi. Katikati ya mikosi hiyo uendeshaji ulikuwa umekabidhiwa kwa kampuni ya RITES ya India mwaka 2007, ndoa ambayo haikudumu, na serikali ikairudisha reli mikononi mwake. Tabora iliyazoea majukwaa matupu. Watu walilala stesheni wakisubiri treni iliyochelewa kwa siku, na wengine wakahamia kwenye mabasi wasirudi tena.

Lakini haikufa. Mwaka 2015 ilianzishwa treni ya Deluxe, yenye mabehewa mapya yaliyotoka Korea Kusini. Shirika la Reli Tanzania, TRC, lilirudi kwa jina lake la zamani mwaka 2017. Njia ya kilomita 970 kutoka Dar es Salaam hadi Isaka ikakarabatiwa, mataruma na kokoto zikabadilishwa, madaraja yakaimarishwa. Mkulima wa tumbaku wa Urambo na mama wa dagaa wa Kigoma wakaanza tena kupanga safari kwa ratiba.

Sasa yamekuja mabadiliko makubwa kuliko yote tangu 1912. Juni 2024 treni ya umeme ya reli mpya ya kisasa, SGR, ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na mwezi uliofuata ikafika Dodoma. Safari iliyokuwa ya usiku kucha imekuwa ya saa chache; unakunywa chai Dar, unakula mchana Dodoma. Mikataba ya kuisogeza mbele ilishatiwa saini: kipande cha Makutupora hadi Tabora, cha kilomita 368, cha Tabora hadi Isaka, cha kilomita 165, na cha Tabora hadi Kigoma, cha kilomita 506. Njia panda itabaki njia panda. Reli mpya ina upana wa milimita 1,435, ya zamani 1,000, kwa hiyo behewa la huku haliwezi kupita kule. Zitakaa ubavu kwa ubavu, kila moja na vyombo vyake.

Nimeipokea SGR kwa furaha, na sioni sababu ya mtu yeyote kuzililia saa ishirini na ushei za safari pale anapoweza kufika kwa robo ya muda huo. Mgonjwa anayepelekwa Muhimbili hana haja ya romansi ya dizeli. Hofu yangu iko kwingine, na majirani zetu wametupa mfano wa karibu.

Kenya ilipoanza kuendesha Madaraka Express kati ya Mombasa na Nairobi, mwanzoni mwa Juni 2017, treni ya abiria ya reli ya zamani ilikuwa imekwishasimamishwa Aprili ya mwaka huohuo. Vituo vingi vidogo vilivyoishi kwa kuuza chai na mayai ya kuchemsha vikanyamaza. (Ajabu ni kwamba Madaraka Express nayo ni ya dizeli, ila mpya na yenye kasi.) Baadaye Wakenya walijirudi: Desemba 2020 treni ya abiria ilirejeshwa kwenye njia ya zamani ya Nanyuki, na mwaka uliofuata ya Kisumu. Waligundua kwamba reli ya mita bado ina kazi ambayo ile mpya haiifanyi, kwa sababu ile mpya haisimami kila mahali. Kwetu, nani atasimama Malongwe, Goweko na Igalula? Nani atasimama Nguruka na Kazuramimba? Ninachowaomba wenye reli kwanza kabisa ni hiki: treni ya kusimama vituo vidogo isifutwe kwa sababu tu ya kwamba ya haraka imefika. Wakazi wa vituo hivyo hawana barabara ya lami ya kujivunia, na wengine mvua ikinyesha hawana barabara kabisa.

La pili ni la kumbukumbu, na hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Nenda Nairobi, kwenye Makumbusho ya Reli yaliyofunguliwa mwaka 1971. Utakikuta kichwa cha mvuke namba 5918, lile jitu la kundi la 59 ambalo vichwa vyake vyote 34 vilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Hicho kinaitwa Mount Gelai. Mlima Gelai uko Tanzania, jirani na Ziwa Natron. Karibu yake kuna namba 3020, kiitwacho Nyaturu, jina la watu wa Singida. Kumbukumbu zetu zimehifadhiwa Nairobi, na tuwashukuru waliozihifadhi, maana bila wao zingekuwa nondo za kujengea. Zilisalimika kwa sababu mtu mmojammoja, wakati mvuke unakufa, alisema hiki tusikikate.

Kwa dizeli, nani amesema? Chuma chakavu kina bei, na mnunuzi wake hana subira. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda yenyewe vitu na majengo ya kabla ya mwaka 1863. Vya baadaye, kwa sehemu kubwa, vinahitaji kutangazwa na waziri. Kichwa kilichotengenezwa miaka ya 1970 kiko mbali na ulinzi huo. Hata reli yenyewe ya Mjerumani, kwa tarehe tu, haijafika. Ni lazima mwenye mamlaka achukue kalamu aandike.

Uingereza walipitia mahali hapa. Kampuni ileile ya English Electric iliyoileta dizeli Afrika Mashariki iliwatengenezea vichwa 22 vilivyoitwa Deltic, vilivyovuta treni za haraka kati ya London na Edinburgh. Vilipostaafishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, wajuzi wengi walicheka wazo la kuhifadhi dizeli. Kwao kitu cha kuhifadhi kilikuwa mvuke. Mashabiki wakachanga fedha zao, wakanunua. Sita kati ya vile 22 vilinusurika, na watu wanalipa nauli leo ili kupanda treni inayovutwa na mmoja wao. Sijui kama sisi tutafika kwenye kulipa nauli ya kumbukumbu. Najua kwamba kichwa kilichokatwa vipande hakirudi, na kilichoegeshwa chini ya paa kinaweza kusubiri miaka 30 hadi apatikane wa kukitengeneza.

Tabora ina kila kinachohitajika. Stesheni ipo, ya enzi za Wajerumani, na watu wanaitumia. Chuo cha reli kipo, chenye wakufunzi na wanafunzi ambao kichwa cha zamani kingekuwa darasa lao: injini iliyofunguliwa ubavu, jenereta iliyokatwa waone nyaya za ndani, mota iliyotolewa chini ya ekseli. Watalii wachache wanaofika kuiona tembe ya Livingstone Kwihara wangepata sababu ya kulala usiku wa pili. Hoteli ya zamani ya reli, jengo jingine la Mjerumani, iko umbali wa kutembea kwa miguu. Wazee waliozichezea mashine hizi wapo Ng'ambo, Isevya na Kanyenye, wamestaafu, akili zao zingali timamu. Mzee mmoja aliyeendesha 88 kwa miaka mingi ana maarifa ambayo hayamo katika kitabu chochote cha Montreal: wapi upunguze kabla ya daraja, mlima upi unahitaji mchanga hata kiangazi, injini ikikohoa namna gani uwaite mafundi. Wanaondoka mmoja mmoja. Kila msiba wa dereva mstaafu ni maktaba inayozikwa bila kufunguliwa, na chuo kilicho mlangoni pao kina vijana wenye simu za kurekodi.

Kwa hiyo naiomba TRC, Wizara ya Maliasili na Utalii, na mkoa wa Tabora, kwa maneno ya wazi. Tengeni kichwa kimoja cha 88 na kimoja cha 73, vya kwanza kupatikana vikiwa kamili, kabla ya mnada wowote wa chuma chakavu. Tengeni behewa moja la daraja la tatu lenye viti vyake vya asili, moja la kulala la daraja la pili, behewa la chakula na behewa la gadi. Vipakeni rangi, viwekeeni paa, vipangeni kwenye njia moja ya pembeni hapo hapo stesheni, treni zinazofanya kazi zikipita zikivitazama. Bandikeni mbele yake majina ya watu 281 wa Igandu, kwa sababu nao ni sehemu ya reli hii. Kisha waziri avitangaze rasmi kuwa urithi unaolindwa.

Nawe msomaji, kama hujawahi kupanda treni ya dizeli ya Reli ya Kati, usingoje SGR ifike Tabora ndipo uanze kusimulia. Kata tiketi ya daraja la pili kulala, chukua shuka na maji ya kunywa, nunua kuku Saranda na asali Tabora. Kama nyumbani kwenu kuna babu, baba au mjomba aliyefanya kazi reli, mkalishe chini wiki hii, washa simu, mwulize aliendesha kichwa namba ngapi, na umwache aseme hadi amalize.